Mwisho wa Futi

Nikivaa gauni la dukani, kiuno chake hunifika mapajani. Si kosa la gauni. Nilipokuwa na miaka mitano niliota uvimbe kwenye figo, nikapelekwa Dar, nikatolewa figo moja, nikatiwa dawa za kansa mshipani na kupigwa mionzi tumboni. Nikapona. Mionzi ilichoma kilichotakiwa kuchomwa, pamoja na vitu viwili vitatu vilivyokuwa jirani. Uti wa mgongo uliamua tangu hapo kwamba umekua vya kutosha. Vifuko vya mayai ya uzazi navyo vikazima. Kwa hiyo nina miguu ya mtu mfupi wa kawaida, na juu yake kiwiliwili cha mtoto wa darasa la nne. Shuleni nikisimama nilionekana, ingawa si sana; nikikaa, nilipotea nyuma ya dawati, na mwalimu akaniandika mtoro.

Ndiyo sababu nikawa fundi cherehani. Hakuna aliyenifundisha. Nilifumua magauni ya mama kuona ndani yamejengwaje, nikatazama video kwenye simu, nikafumua tena. Nilipomaliza kidato cha nne nikapata nafasi ya kuweka cherehani kwenye baraza ya duka moja pale Kashaulili, mjini Mpanda, jirani na fundi mzee wa suruali ambaye amekuwa hapo tangu mama yangu akiwa msichana.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Wateja hawakuamini.

"We katoto, fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Sawa. Mama yako anarudi saa ngapi?"

Mteja mmoja, mama wa Kisukuma mrefu kama nguzo ya umeme, alisimama akanitazama nikimpima kiuno. Kumfikia mabega nilipanda kwenye kigoda. "Haka kafundi," akamwambia mzee wa suruali, "mnakalishaga nini nyie? Au mnakanyima chakula?" Alirudi kuchukua sketi yake, akaigeuza ndani nje, akaitazama mishono kwa muda mrefu, akalipa, akaondoka. Wiki iliyofuata alikuja na dada zake wanne.

Mishono yangu ni mizuri. Nalisema hilo bila aibu kwa sababu linanigharimu. Mimi ni mtu wa kufumua. Upindo ukipinda kwa unene wa uzi mmoja, silali. Niliwahi kufumua mkono wa blauzi mara tano kwa ajili ya tofauti ambayo mwenye blauzi asingeiona hata kwa miwani, na mara ya tano ukawa mbaya kuliko mara ya kwanza. Najua huo ni ugonjwa. Nina ugonjwa mmoja uliotibiwa na mwingine unaonilipia chakula.

Nyumbani kwetu, Nsemulwa, tunaishi watatu: mama, bibi na mimi. Bibi ni mama yake mama. Ananiita mke mwenza, kwa sababu marehemu babu alikuwa akiniita mke wake, na kwa utani huo bibi hajawahi kunisamehe. Asubuhi nikipita kwenda kuoga na kanga yangu, ananitazama kifua kama mtu anayeangalia shamba la mahindi ya jirani.

"Mke mwenza, bado hayajafika?"

"Bado, bibi."

"Yatakuwa yamepanda treni ya Tabora. Hata ikichelewa, inafikaga."

Tulikuwa tunacheka, lakini jambo lenyewe lilikuwa kweli. Kumi na minane, na kifua changu ni ubao, na hedhi sijaiona. Daktari wa kliniki yangu ya kila mwaka kule Dar, mama mmoja mpole mwenye kalamu nyingi mfukoni, alieleza kwamba vifuko vyangu vya mayai havitengenezi homoni ya kike, na bila hiyo mwili hauwezi kuanza kuwa wa mwanamke. Akaandika vidonge. Robo ya kidonge kila siku, tuanze taratibu. Akaendelea kueleza. Sikumsikiliza, kwa sababu nilikuwa nimeshajisomea kwenye simu.

Na simu ilikuwa imeniambia hivi: homoni ya kike ndiyo inayofunga mifupa. Ikianza, mifupa ya miguu inafunga mlango, na urefu ulionao siku hiyo ndio utakaozikwa nao.

Wakati huo nilikuwa sentimita mia moja thelathini na tisa.

Sasa naomba nikiri. Mama alikuwa akiniuliza kila asubuhi, "Umemeza?" nami namjibu, "Nimemeza." Nilikuwa nimemeza chai. Vidonge vilikaa katika kopo la vifungo, chini ya vifungo vya koti, na kwa miezi kumi na mmoja sikugusa hata kimoja. Nilikuwa nimefanya mkataba na mwili wangu. Futi kamba ya fundi, ile tunayoivaa shingoni, ina sentimita mia moja hamsini. Wateja tunawapima kwa upande wa inchi, lakini mimi nilijipima kwa upande wa pili. Nikajiambia: nikifika mwisho wa futi, nitameza. Siku hiyo tu. Sentimita kumi na moja, basi. Nilitaka kuwa mwanamke aliyekamilika, si mwanamke aliyekatwa kabla ya kitambaa kuisha.

Kila tarehe mosi, kabla ya chai, nilivua viatu, nikabandika visigino kwenye fremu ya mlango wa chumba changu, nikaweka daftari kichwani, nikatia alama ya penseli, kisha nikavuta futi kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Niliivuta hasa, kwa sababu futi ikilegea inadanganya. Nikaandika. Mia thelathini na tisa. Mwezi uliofuata, mia thelathini na tisa. Mia thelathini na nane na nusu, nikashinda siku nzima bila kula vizuri. Mia thelathini na tisa. Nilikunywa maziwa. Nilining'inia kwenye tawi la mpera mpaka bibi akaniuliza kama naanikwa. Mia thelathini na tisa.

Ndipo ikaja harusi ya mtaa wa Ilembo.

Shangazi wa bibi harusi alileta kitambaa cha wasimamizi sita, rangi ya zambarau. Wasichana wenyewe walikuwa Sumbawanga, wangefika siku tatu kabla ya harusi. Vipimo vyao vilichukuliwa na fundi wa huko vikatumwa kwa simu, vimeandikwa vizuri kabisa, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Nilishona magauni sita kwa wiki tatu. Nilifumua kila moja angalau mara mbili. Nilipomaliza nikayatundika kwenye kamba barazani, na mzee wa suruali akavua kofia akayatazama.

Wasichana wakafika, wakavaa. Yote sita yalikuwa makubwa. Si sana. Yalilegea kwapani, yakaburuza chini kwa kama inchi moja, yote sita, kwa namna ileile.

Shangazi aliyabeba yote begani, akaja nayo barazani kwangu. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Mwanangu, hebu niambie. Kutoka Sumbawanga mpaka hapa mtu anakonda hivi?"

"Shangazi, nilifuata vipimo."

"Wote sita wamekonda? Kwenye basi moja?"

"Nilifuata vipimo," nikasema tena, kwa sababu nilikuwa nimevifuata kweli. Nilikuwa naweza kuapa kwa kila inchi.

Mzee wa suruali alikuwa anasikiliza huku akitia mafuta cherehani yake. Akanyoosha mkono. "Lete futi yako."

Nikaivua shingoni, nikampa. Akachukua yake, akazilaza zote mbili mezani, mwanzo kwa mwanzo, akazinyoosha kwa kiganja. Zilianza pamoja. Kufikia katikati yangu ilikuwa imeanza kuiacha yake. Mwishoni yangu ilizidi kwa karibu sentimita tatu.

"Umeinunua lini?"

"Mwaka juzi."

"Na hujawahi kuipima?"

"Futi inapimwa?" nikauliza. Shangazi akanitazama, akamtazama mzee, akakaa kwenye kigoda changu.

Mzee akaeleza bila kunicheka, na hilo sitalisahau. Futi za bei hii zinavutika. Unavaa shingoni, jasho, jua la Mpanda, unavuta kila siku. Kila fundi aliyekaa chini ya fundi anajua kuilaza futi yake kwenye rula ya chuma kila baada ya muda, na ikizeeka anaitupa. Ni kitu cha siku ya kwanza. Ila mimi sikuwa na siku ya kwanza. Video zote nilizotazama zilianza pale ambapo futi tayari ni ya kweli.

"Mbona wateja wengine hawalalamiki?" nikauliza.

"Kwa sababu unawapima kwa futi hiyo na unakata kwa futi hiyohiyo. Uongo umefuta uongo. Hawa vipimo vyao vimetoka kwenye futi ya mtu mwingine."

Shangazi alipoelewa kwamba kosa linarekebishika, alivua viatu, akaomba sindano. Tulifumua magauni sita mchana ule, yeye, mimi na mzee wa suruali, ambaye alisema hajagusa gauni kwa miaka kumi na haoni kama amekosa kitu. Mzee akanipa futi mpya ambayo ilikuwa bado kwenye karatasi yake.

Mpaka jioni nilikuwa nafikiria kwapa za wasichana wa Sumbawanga. Nilipokuwa natembea kurudi nyumbani ndipo lile jambo lingine likanifikia. Nilisimama katikati ya barabara na pikipiki ikanipigia honi.

Futi iliyovutika inasoma pungufu.

Nilifika nikavua viatu, visigino, daftari, penseli. Futi mpya ikasema mia moja arobaini na moja na nusu. Nikarudia mara tatu. Kwa miezi kumi na mmoja nilikuwa narefuka, na futi nayo inarefuka, tunakwenda bega kwa bega kama maksai wawili kwenye nira, nami naandika kwenye daftari kwamba hakuna aliyesogea.

Mtu mwenye akili angesema: basi, umekua, sasa meza dawa yako. Mimi nilifanya hesabu. Bado nane na nusu. Nikasema kumbe nilikuwa sahihi kusubiri, na nitasubiri tena. Miaka mitatu, minne. Kopo la vifungo nikalifunga vizuri zaidi.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mama nimeongeza sentimita ngapi.

Alikuwa anachambua mchele. Akaacha. "Mbili na nusu?"

"Mbili na nusu."

Akanisimamisha, akanizungusha, akanitazama juu mpaka chini kana kwamba hizo sentimita zinaonekana upande fulani. "Zile dawa," akasema. "Zile dawa zinafanya kazi." Akaanza kulia, machozi yakidondoka kwenye ungo. "Jumapili natoa ushuhuda."

Kanisani kwetu ushuhuda si jambo dogo. Unapanga mstari pembeni mwa madhabahu, unapewa kipaza sauti, unasema mbele ya watu wote Mungu amekutendea nini. Mama alikuwa na ushuhuda mmoja tu maishani, ule wa mimi kupona, na alikuwa ameutoa mara nyingi kiasi kwamba wazee wa kanisa walikuwa wanaumalizia pamoja naye. Sasa amepata mpya. Siku nne alikuwa anaufanyia mazoezi jikoni. "Amemeza kila siku, hajaruka hata siku moja, naye Bwana akazibariki dawa." Bibi akamwambia afupishe.

Mimi nikaacha kulala. Kumdanganya mama ni dhambi niliyokuwa nimeizoea. Lakini mama kusimama kwa moyo wake wote na kumshukuru Mungu kwa vidonge vilivyokuwa kwenye kopo la vifungo, kwa kipaza sauti? Mimi ambaye nafumua upindo kwa sababu ya uzi mmoja?

Jumapili ikafika. Mama alivaa gauni nililomshonea mwenyewe. Watoa ushuhuda wakaitwa, akaenda kupanga mstari, wa tatu. Wa kwanza alikuwa amepata ng'ombe wake waliopotea. Nikainuka kwenye benchi, nikapita mbele ya magoti ya watu, nikamfikia mama nyuma, nikamvuta gauni.

"Mama. Usitoe."

"Kaa chini."

"Mama, sijameza."

"Hujameza nini?"

"Vidonge. Hata kimoja."

Aligeuka. Mwenye ng'ombe alikuwa anamaliza, watu wanapiga makofi.

"Leo hujameza?"

"Tangu mwaka jana."

Mama alinitazama kwa muda ambao wa pili kwenye mstari alitumia kueleza kuhusu kiwanja chake. Kisha jina lake likaitwa, akaenda, akapokea kipaza sauti, na mimi nikabaki nimesimama pembeni mwa madhabahu, mfupi, mbele ya kanisa lote.

"Bwana asifiwe," akasema mama.

"Amina."

"Nilikuja na ushuhuda. Nimefika hapa mbele nimeambiwa haujaiva." Akanionesha kwa kidole. "Kwa hiyo naomba mniombee tu. Mniombee nisimpige huyu mtoto, maana daktari alisema mifupa yake ni ya kuangalia."

Kanisa lilicheka mpaka mchungaji akafuta macho. Waliniombea. Nilifunga macho kwa nguvu, na mkono wa mama ulikuwa kichwani kwangu, mzito, ukibonyeza kidogo kuliko maombi yanavyohitaji.

Hakunipiga. Alinisemesha kuanzia mlango wa kanisa hadi Nsemulwa, na alipochoka akampokeza bibi. Bibi aliuliza swali moja tu: "Ulikuwa unaogopa nini, mke mwenza?" Nikawaeleza kuhusu mifupa, mlango kufungwa, na mwisho wa futi. Kutoka mdomoni lilisikika kama jambo la mtoto wa miaka saba. Mama akaja kukaa karibu nami. Kisha akasema, "Na hayo yote ulikuwa unayabeba peke yako," na hapo ndipo nililia, maana kwa kugombezwa nilikuwa nimejiandaa.

Kliniki ilikuwa mwezi uliofuata. Daktari alipiga picha ya mkono wangu wa kushoto, akaitundika kwenye taa, akanionesha mistari myeusi miembamba karibu na ncha za mifupa. Hapo ndipo mfupa unapokulia, akasema, na pako wazi bado.

"Nani alikwambia dawa inafunga?"

"Simu."

"Simu haikukosea. Haikumaliza tu." Akachomoa kalamu mojawapo. Dozi kubwa kwa haraka inafunga mapema, ndiyo. Robo ya kidonge haifungi kwa kishindo. Inaacha mfupa uendelee kukua kidogo huku mwili unaanza, kisha inafunga taratibu kwa miaka. Ndiyo sababu ya robo. Alikuwa amelieleza hilo mwaka jana, nami nilikuwa nakitazama kifungo cha koti lake kilichoshonwa vibaya. Na kusubiri kuna hasara: mifupa inayokaa muda mrefu bila homoni inakuwa myepesi, inavunjika uzeeni kama kuni kavu.

"Nitafika mia hamsini?"

Hakuharakisha. "Sidhani," akasema. "Mgongo ulipigwa mionzi, hautaongeza cha maana. Miguu itaongeza kidogo. Labda mia arobaini na tatu, au na nne. Nisingependa usubiri namba ambayo haiji."

Mama alikuwa amenishika kiganja. Nilitazama ile picha ya mkono kwenye taa. Nilifikiri nitaumia zaidi. Kumbe namba niliyoilinda miezi yote ile ilikuwa urefu wa futi tu, kipande cha plastiki kilichokatwa kiwandani na mtu asiyenijua.

Nikaanza siku hiyohiyo, kwenye chumba cha wageni kwa ndugu yetu Mbagala. Kidonge chenyewe ni kidogo kuliko punje ya hindi. Nilikikata kwa wembe vipande vinne. Kimoja kilitoka kikubwa kuliko wenzake, nikataka kuanza kidonge kingine. Mama akakiokota kile kikubwa, akaniwekea ulimini, akasubiri nimeze, kisha akaniambia nifungue mdomo.

Miezi minne ikapita, hakuna kitu. Halafu asubuhi moja nikiwa naoga nikagusa uvimbe.

Upande wa kushoto, chini ya chuchu, kitu kigumu kama kifungo cha shati. Kinauma nikibonyeza. Upande wa kulia hakuna. Nilibonyeza tena na tena mpaka maji yakapoa. Mtu aliyewahi kuota uvimbe akiwa na miaka mitano hana uvimbe mdogo. Nilijifunga kanga nikaenda kwa mama jikoni, nikamwambia maneno matatu tu: mama, kuna uvimbe.

Alishusha sufuria. Aliingia chumbani akatoka na faili langu la hospitali, lile la tangu utotoni lenye kamba ya kiatu, akalikumbatia, akauliza treni ni kesho au keshokutwa? Nami nikaanza kufikiria nani atamalizia sketi tatu zilizokuwa mezani.

Bibi alitoka nje na fimbo yake. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama. Amepata uvimbe."

"Wapi?"

Nikafungua kanga. Bibi akaleta kidole kimoja, akabonyeza taratibu.

"Kinauma?"

"Kinauma."

"Kinawasha?"

"Kidogo."

Bibi akaondoa kidole. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akatutazama na lile faili. "Nyie," akasema. "Hilo ni titi."

"Mama, hatujui," akasema mama. "Ni upande mmoja tu."

"Mimi niliota mawili, nikanyonyesha watoto saba, na wewe ukiwa mmoja wao. Hujui nini wewe? Linaanzaga moja."

Tulimpigia daktari hata hivyo. Akauliza maswali matatu, nikasikia anatabasamu kwenye simu, akasema mpe bibi hongera zangu, lakini nitaliangalia mwenyewe mkija. Mama akakaa kwenye ngazi ya mlango, faili bado mapajani, akawa anacheka bila sauti, mabega yanatikisika, kila akiacha anaanza tena.

La kulia lilichelewa wiki tano. Kila asubuhi nilisimama mbele ya kioo nikiyalinganisha, nikapata wasiwasi, nikamwendea bibi.

"Hayalingani, bibi."

Alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua macho. "Hayalinganagi, mke mwenza. Ya nani yanalingana?"